Meno Sita ya Filister

"Fungua zaidi, Mama."

"Si nimefungua? Nikiongeza hapa nitapasuka."

Daisy alicheka kidogo, kicheko cha kazini, kisha akamgeukia daktari na kumwambia kwa Kiingereza kwamba mgonjwa yuko tayari. Filister alikuwa amelazwa kwenye kiti cha meno cha kliniki ya kanisa, Kibera, miguu juu na kichwa chini, taa ikimchoma macho. Tangu alfajiri alikuwa ameisugua mikono kwa ndimu mara tatu, na bado alisikia harufu ya samaki. Daktari, mzee mrefu wa Kiswidi mwenye nyusi nyeupe, alipitisha kidole chenye glavu kwenye ufizi wa chini, pale mbele palipokosa meno sita. Alikipeleka na kukirudisha polepole, kama mtu anayepapasa ukingo wa dirisha kuangalia vumbi. Kisha akauliza, kwa Kiingereza, ile ajali ya gari ilitokea mwezi gani hasa.

"Anasema nini?" Filister aliuliza.

"Anauliza kama inauma."

"Haiumi. Mwambie. Kitu haiko itauma aje?"

Daisy akamwambia daktari: mwezi wa tatu, mwaka juzi.

Sasa, jambo ambalo Daisy hakulijua, pamoja na shule yote aliyosomeshwa kwa pesa za samaki, ni kwamba mama yake alisikia Kiingereza. Kabla ya kuuza samaki Filister alikuwa yaya Lavington miaka kumi na mmoja, na mle ndani alijifunza mapema kwamba yaya anayeelewa hutolewa nje watu wakitaka kuzungumza, na asiyeelewa huachwa aendelee kupanga vikombe. Basi Filister akapanga vikombe. Alijua ni nani hapendwi na mumewe, na ni mpishi gani atafukuzwa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo pale kitini alisikia vizuri kabisa. Alisikia gari, akasikia ajali, akasikia mwaka juzi. Ila mdomo ulikuwa wazi na vidole vya mtu vilikuwa ndani, na hapo mtu haulizi kitu.

Na tuseme ukweli, ilikuwa ajali ya ajabu. Gari gani hilo linalokuja likang'oa meno sita ya chini, yale ya mbele tu, kama yaliyohesabiwa, lisiguse hata moja la juu wala kuacha kovu mdomoni? Mtu yeyote aliyekulia nchi hii angemtazama Filister mara moja akajua. Waluo wa zamani waling'olewa meno sita ya chini wakiingia ujana. Hivyo ndivyo mtoto alivyokuwa mtu, na wazee waliongeza kwamba siku ukipatwa na pepopunda, taya likajifunga, uji utapita penye pengo. Mswidi hakuwa amekulia nchi hii. Alikuwa na wiki tatu Nairobi, na sanduku la skrubu.

Skrubu zenyewe zilikuwa ndogo, kama za bawaba ya kabati. Kabla ya kumlaza alikuwa amempa Filister moja aishike. Inaingizwa ndani ya mfupa wa taya, alieleza, inaachwa miezi mitatu au minne mpaka mfupa uikumbatie, halafu jino linafungwa juu yake. Jino la namna hiyo halitoki tena. Alikuwa amekuja kuwafundisha madaktari wa hapa, na angewapandia meno watu kumi na wawili bila malipo, mradi wawe waliyapoteza kwa ajali, na si zamani. Daisy, ambaye ni karani wa kadi pale kliniki, ndiye aliyejaza fomu za watu hao kumi na wawili.

Halitoki tena. Neno hilo ndilo lililomvuta Filister. Mwaka uliotangulia, Wanzala, fundi wa meno ya bandia pale Kawangware, alikuwa amemtengenezea meno sita ya plastiki juu ya kibamba cha rangi ya waridi. Aliyavaa siku nne, akatembea mdomo mbele kama mke wa chifu. Siku ya tano alikuwa amesimama mbele ya karai lake karibu na steji ya 56, hukohuko Kawangware, akibishana na mteja juu ya bei ya kichwa cha samaki mbuta, na alipofika kwenye neno "haiwezekani" meno yakaruka. Yaliingia kwenye mafuta moto. Yalielea kidogo, yakajikunja, na nusu ya soko ikaja kuangalia. Kwa mwezi mzima watu walimwagiza kichwa, mkia na meno. Filister alicheka nao, angefanya nini? Lakini kwa Wanzala hakurudi.

Kama ni yeye tu, angekaa na pengo lake mpaka kaburini. Amekula nalo, ameimba nalo, ameolewa nalo. Marehemu mumewe Ojwang mwenyewe alikuwa na pengo kama hilohilo. Shida ilikuwa harusi. Daisy alikuwa amechumbiwa na Naftaly, kijana mpole wa benki, ambaye mama yake ni mwalimu mkuu mstaafu anayeishi Nyayo Highrise, katika nyumba yenye zulia lililofika kila pembe. Siku ya familia kujuana ilipokaribia, Daisy alikuja Kawangware akaketi ukingoni mwa kitanda. Alizunguka mbuyu mpaka akachoka. Mwishowe akasema labda ni heri shangazi Adero ndiye aende, kwani Mama si alikuwa na homa?

Filister hakuwa na homa. Aliutazama uso wa mtoto wake, akasema ni kweli, tangu jana anasikia baridi.

Adero akaenda. Alikuwa dada mdogo kabisa wa Ojwang, amezaliwa desturi ile imeshakwisha, na meno yake yote alikuwa nayo. Akaketi kwenye kiti cha mama. Jioni alileta kipande cha keki ndani ya karatasi, na Filister akakila chote ili asiulizwe kwa nini hali. Iliuma. Isisemwe kwamba haikuuma.

Halafu Mswidi akaja, na Daisy akaja mbio na habari. "Mama, ukishapata meno, siku ya harusi utakaa mbele kabisa. Kiti ya kwanza. Mimi mwenyewe nitakupeleka." Harusi ilikuwa Agosti, na huu ulikuwa mwezi wa pili. Filister alihesabu kwa vidole miezi ya mfupa kuikumbatia skrubu, akaona inatosha na kubaki. Kwa kiti hicho angekubali kupigwa msumari wa reli.

Walimpiga picha ya taya, wakamwambia angoje kwenye benchi la ukumbini filamu ikisafishwa. Daisy alirudi dirishani kwake kuita majina ya wagonjwa. Filister alikaa, mikono mapajani, ikinuka ndimu na samaki.

Uwongo wenyewe haukumkasirisha. Mtu anayeuza samaki hawezi kujidai kwamba hajawahi kusema wa leo huku akijua ni wa jana. Kilichomkaa kooni ni kitu kingine. Alikumbuka kwao Uyoma, mwaka wa arubaini na tisa, wasichana saba wameketi mstari mmoja juu ya majabali karibu na zizi. Mzee mwenye kipande bapa cha chuma alianzia upande ule mwingine. Filister alikuwa wa mwisho, maana yake aliwasikia wenzake sita kwanza. Wa kwanza alipiga mayowe. Wa tatu alitoroka akarudishwa. Zamu yake ilipofika alichagua mbuzi mmoja mweusi aliyekuwa akitafuna kando ya zizi, akamtazama huyo tu, mpaka chuma kilipomaliza kazi yake. Alitema damu mchangani. Hakulia. Baba yake, ambaye hakuwa na desturi ya kusema na wasichana, alikuja akasimama mbele yake, akawageukia wanaume wenzake na kuuliza, "Mmeona huyu?"

Maneno mawili tu. Tangu siku hiyo Filister alikuwa amefanya mambo magumu kuliko lile. Alizika mume, akazika watoto wawili, akakaanga samaki mvua ikinyesha na jua likiwaka ili huyu mmoja aliyebaki akae nyuma ya dirisha na kalamu mkononi. Lakini hakuna mtu mwingine aliyewahi kusimama mbele yake na kuwaambia watu wamtazame. Na leo mtoto wake amemwambia mgeni kwamba ni gari.

"Mama Daisy! Ingia." Alikuwa Sista Lenah, muuguzi mkuu wa kliniki.

Daktari alikuwa ameinua filamu kwenye mwanga wa dirisha. Daisy aliitwa aje kutafsiri. Filister alipanda tena kitini, akaangalia ukuta, akapanga vikombe.

Daktari alisema taratibu, akimwonyesha Daisy kwa ncha ya kalamu. Mfupa, alisema, hukaa mahali unapopewa kazi. Jino likiondoka, mfupa uliolishika hauna tena cha kushika, nao huanza kupungua mwaka baada ya mwaka. Huu wa mama ulikuwa umebaki mwembamba kama ukingo wa sahani. Skrubu haina pa kukaa. Hata meno ya kuvaa na kuvua yataelea tu, kwa sababu magego ya kuyashikilia yalibaki mawili, na moja lilikuwa linacheza. Hapo akaivuta fomu mezani. Jambo hili, alisema, si la miaka miwili. Si la ishirini. Nafasi zilikuwa kumi na mbili, na wiki iliyopita alikuwa amemrudisha nyumbani kijana fundi wa mjengo aliyeanguka kutoka juu ya ngazi, kwa kuwa nafasi zimejaa. Nani aliijaza fomu hii?

Daktari mwenyewe aliijua saini. Ilikuwa kwenye fomu zote.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Daisy ilikuwa imeishia hapo, kwenye mkono wa Mswidi. Alisimama na kalamu yake. Sista Lenah aliacha kupanga vyombo. Hakuna aliyemtafsiria Filister kitu. Filister alimtazama binti yake, akauona uso uleule wa ukingoni mwa kitanda, na chini yake uso wa mtoto wa darasa la pili aliyevunja chupa ya mafuta.

Akainuka, akakifungua kitambaa alichofungwa kifuani.

"Daktari," alisema kwa Kiingereza.

Kilikuwa Kiingereza cha jikoni Lavington, kimeshika kutu lakini kina adabu. Akasema ndiyo, ni gari. Ila ni zamani sana, alipokuwa mtoto mdogo. Ni yeye aliyemdanganya binti yake juu ya mwaka, kwa sababu aliyataka sana hayo meno. Binti aliandika alichoambiwa na mama yake. Kosa ni la mama. Samahani sana, bwana.

Daisy alimtazama kana kwamba kiti ndicho kilichosema. Sista Lenah ni mtu wa Bungoma, na nyanya yake aliyemlea alikuwa na pengo lake mwenyewe. Aliangalia dari, kisha akaangalia sakafu.

"Hiyo ilikuwa ajali mbaya, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Pole sana."

"Asante, Sista."

Daktari aliamini, au aliamua kuamini. Alimshika Filister mkono kwa mikono yake miwili, akasema jambo juu ya barabara na watoto, kisha akafuta tarehe kwenye fomu na kuandika kwamba ilitokea utotoni. Kwa hiyo iko kwa maandishi. Filister ndiye aliyemwondoa baba yake pale kwenye majabali, akaliweka gari mahali pake, na alifanya hivyo bila kulia. Alikiomba kipochi chake, akashukuru, akatoka.

Walikwenda kwa miguu. Daisy alikuwa amepewa ruhusa ya siku nzima kwa ajili ya upasuaji ambao haukufanyika. Walishika Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, mama mbele, binti hatua mbili nyuma, kisha wakaingia Naivasha Road.

"Mama. Kumbe unajua Kizungu."

"Ya kuosha vyombo tu."

"Na hujawahi niambia."

"Hujawahi niuliza."

Daisy alijipangusa pua kwa kiganja. "Walikuwa wanataka watu wa accident peke yake. Ningeandika nini? Nilitaka upate meno, Mama. Nilitaka tu upate."

"Najua, nyathina, mtoto wangu."

"Si ati naona aibu na wewe."

Filister aliendelea kutembea. Walipita duka la mbao, wakapita wanawake waliotandaza mitumba juu ya magunia. Alitamani kumweleza habari za mbuzi mweusi. Alifungua mdomo aanze, akatafuta pa kuanzia: atasema zizi, mtoto wa Nairobi ataona zizi gani? Lori la mchanga likapita, vumbi likawafunika, na lilipotulia hamu yenyewe ilikuwa imemtoka.

"Na mama ya Naftaly?" aliuliza badala yake. "Yeye ulimwambia nini?"

Daisy alijipangusa vumbi la lori begani.

"Siku ile ya kujuana aliuliza mbona wewe hukuja. Shangazi akasema homa. Mimi nikaongeza... nikasema tangu upate accident hupendi kutoka mbele ya watu."

"Akasema?"

"Akasema pole. Akasema hata kama ni hivyo, siku ya harusi lazima mkae pamoja. Anataka kuongea na wewe."

"Ni mtu mzuri," Filister alisema.

"Ni mzuri, Mama."

Pale 56 jua lilikuwa bado juu. Filister alifunga leso kiunoni, akawasha jiko, akamimina mafuta. Samaki wake walikuwa mgongo wazi, mbuta waliokwisha kukatwa nyama kiwandani kule ziwani. Nyama husafirishwa Ulaya, kwa akina daktari, na kinachobaki, kichwa na mgongo na mkia, huja Nairobi kwa magunia. Mwenye macho ya haraka huona mifupa tu. Filister alijua mahali nyama ilipojificha: nyuma ya shavu, chini ya pezi, kati ya mbavu na mbavu. Alitia chumvi, akapakaza unga kidogo, akawalaza wawili kwenye mafuta. Daisy alivuta kreti la soda akaketi karibu na jiko, na viatu vyake vya ofisini, bila kujali moshi.

Khamala, muuza misumari wa duka la jirani, alichungulia. "Mama Daisy! Tuonyeshe basi hayo meno ya Ulaya."

"Mfupa imekataa."

"Imekataa aje? Si urudi tu kwa Wanzala, na sisi tukuje na chapati..." Aliuona uso wa Daisy, akaacha mzaha katikati. "Pole, mama," alisema, akarudi dukani kwake.

Wateja walikuja, wawili, watatu. Filister aliwafungia samaki kwenye gazeti, akaulizia hali za watoto wao. Alicheka palipostahili kuchekwa, na kila alipocheka mkono wa kushoto ulipanda mdomoni. Zamani haukuwa na tabia hiyo. Daisy aliuona ukipanda mara ya kwanza, akauona mara ya pili, na mara ya tatu akaangalia pembeni.

Watu walipopungua, Filister alilaza samaki mwingine karaini. Alisimama akifikiri, kijiko kirefu mkononi.

"Daisy."

"Mama."

"Hiyo gari ilikuwa rangi gani?"

"Gari gani?"

"Ile iliniangusha." Alisema polepole, kwa makini, kama mtu anayeagizwa dukani na hataki kusahau. "Mama ya Naftaly ni mwalimu, lazima ataniuliza. Tusije tukasema tofauti mbele ya watu. Ilikuwa rangi gani? Ilikuwa inatoka wapi?"

Daisy aliinua uso akamtazama mama yake. Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke. Ng'ambo ya barabara makanga walikuwa wakiita watu wa town. Upande mmoja wa samaki ulikuwa umeanza kuungua, lakini Filister hakumgeuza. Alikuwa amemwinamia mtoto wake, uso umetulia, akingoja aambiwe.